Vijana Niliowaandika Mimi

Mwenyekiti wa chama chetu aliponisukumia ile bahasha kubwa juu ya meza ya jikoni kwangu, Louisville, na kuniambia nizisafishe karatasi zilizokuwemo, ningeweza kumwambia hapana. Neno lenyewe ni fupi. Nililijua kwa Kiswahili, kwa Kifaransa, na hata kwa Kiingereza, maana ndilo la kwanza nililosikia kwa msimamizi wangu kazini. Badala yake nilimuuliza kama angependa chai, na chai ilipokwisha nilikuwa nimekubali.

Nieleze kwanza karatasi zilikuwa za nini.

Katikati ya miaka ya elfu mbili na kumi alikuja kanisani kwetu mwanamke kijana kutoka Indonesia. Alikuwa mwanafunzi wa chuo kikuu, akisomea mambo ya mawasiliano. Alichunguza jinsi vijana wa kwao wanavyozungumza juu ya siasa na maendeleo ya umma: kijana akitaka barabara au maji safi anamwambia nani, anasemea wapi, na kuna anayemsikiliza? Majibu ya vijana wa kwao alikuwa amekwisha kuyakusanya. Mwalimu wake akamtaka atafute vijana wa jamii nyingine, awalinganishe na wale. Ndipo akatupata sisi, watu wa milima ya Kivu ya Kusini, wakimbizi tuliopokelewa Marekani, katika miji ya Louisville, Columbus na Buffalo, wenye chama kimoja, matawi matatu, na mikutano isiyo na mwisho.

Mimi nilikuwa katibu wa chama. Nilipewa ukatibu kwa kuwa nilimaliza shule ya sekondari na mwandiko wangu unasomeka. Kule Jeffersontown, kwenye ghala, kazi yangu ilikuwa kubandika anwani kwenye maboksi, na hizo anwani mashine ilikuwa imekwisha kuziandika. Ukatibu ndio pekee ulionikumbusha kwamba niliwahi kushika kalamu.

Yule mwanafunzi aliniita "Pak". Kwao ndivyo anavyoitwa mwanamume wa umri wa baba, kwa heshima. Watoto wangu wa kuzaa, wale wa kiume, walikuwa wameanza kuniita kwa kuinua kidevu. Nilimpenda papo hapo.

Tulizungumza kwa Kiingereza, cha kwake kizuri na changu cha ghalani. Alinieleza mikutano ya kijijini kwake: wanaume huketi, huzungumza jambo mpaka wote wakubaliane, na inaweza kuchukua siku nzima. Vijana kazi yao ni kupanga viti na kuzungusha glasi za chai.

"Na maoni yao wanatolea wapi?" nilimuuliza.

"Nyuma ya jiko, Pak. Sasa, kwenye simu. Huko nyuma ya jiko ndiko utafiti wangu ulikoanzia."

Nilicheka, nikamwambia hata kwetu vijana hubeba viti. Nilisema kwa fahari. Yeye akaandika kwenye daftari lake.

Akanipa maswali niyaweke kwa Kiswahili, kwa ajili ya vijana waliofika karibuni. Sentensi ya kwanza niliitafsiri mimi mwenyewe, kwa kalamu nyeusi: "Kila mmoja ajaze peke yake, asisaidiwe na mtu, asiandike jina, na afunge bahasha." Nilipiga mstari chini ya maneno "asisaidiwe na mtu", ili yaonekane.

Sasa, wakati huohuo chama kilikuwa na mgogoro wake. Tulitaka kujenga kitu kule milimani tulikotoka. Sisi wazee tulitaka uzio wa mawe kuzunguka kanisa, maana ng'ombe walikuwa wanaingia wakati wa mahubiri. Vijana walitaka zahanati yenye chumba cha kujifungulia. Kwa sheria yetu waliopiga kura ni wakuu wa nyumba tu. Kijana wa miaka ishirini na mitano anayeishi kwa baba yake hakuhesabiwa, hata kama ndiye aliyekuwa akimsomea baba barua zote za shule, za umeme na za hospitali. Vijana wakaomba kura kwa kila aliyefikisha miaka kumi na minane. Jambo lingeamuliwa kwenye mkutano mkuu, Buffalo, wakati wa kiangazi.

Aliyeongoza ombi hilo ni binti yangu, wa pili kutoka mwisho. Alikuwa na miaka ishirini, akisomea uuguzi na huku akifanya kazi kwenye nyumba ya kutunzia wazee. Kila Jumapili baada ya ibada alinikanda magoti kwa dawa, na akikanda alijaribishia hoja zake kwangu.

"Papa, usinikatize. Sikiliza mpaka mwisho."

Nami nilisikiliza mpaka mwisho. Mtu aliyekushika magoti huna pa kumkimbia. Lakini nilifurahia pia, lazima niseme. Wakati mwingine nilimbishia makusudi ili Jumapili irefuke.

Nilizigawa karatasi katika miji yote mitatu, na baada ya wiki kadhaa zikarudi kwa mwenyekiti, arobaini na moja, kila moja kwenye bahasha yake iliyofungwa, zote ndani ya bahasha moja kubwa. Hapo ndipo alipokuja nazo nyumbani kwangu. Alikuwa mtu mnene, mpole, mwenye sauti ya kubariki hata akiomba chumvi. Tukiwa wenyewe tulizungumza Kiswahili chetu cha Kivu, ambacho "ndiyo" ni "njo", na Kifaransa hakikosi ndani yake.

"Bon, katibu. Tuone kwanza batoto wamesema nini."

Mke wangu alikuwa jikoni, akitupa mgongo. "Muzee," aliniambia bila kugeuka, "hizo bahasha zilikuwa zimefungwa."

"Mama, hii ni kazi ya chama," mwenyekiti akamjibu.

"Njo naona. Kazi ya chama imemaliza sukari yangu."

Tukafungua. Ya kwanza iliuliza, kama zote: mikutano ya jamii yenu inaendeshwaje? Kijana alikuwa ameandika: "Wazee huomba nusu saa, husalimiana saa nzima, halafu husema muda umekwisha." Ya pili, kwa swali la kiongozi bora unayemjua, ilimtaja mchezaji wa mpira wa kikapu. Ya tatu ilisema, "Tunaitwa kubeba viti. Mimi nina cheti cha kuendesha mashine ya kuinulia mizigo, lakini kwa chama mimi ni mbeba viti." Ya nne ilimwelezea mwenyekiti, bila jina, kwa kutaja tumbo lake.

Mwenyekiti aliisoma hiyo mara mbili. Akaiweka chini.

"Donc, hii itasomwa na maprofesa?"

"Itasomwa."

"Na kule Indonesia?"

"Na kule pia."

Akaifunika ile karatasi kwa kiganja. Nadhani alikuwa anaufikiria mlolongo wa nchi na bahari zilizopo hapa katikati, na tumbo lake likisafiri kote huko bila yeye. "Hatujawahi kufika kwa hao watu," akasema, "na tayari tutasemwa vibaya."

Kwetu mambo ya nyumba hayapelekwi kwa mgeni. Mgeni hupewa kiti kizuri, hupewa maziwa, na huambiwa kwamba sote tunapatana. Ndivyo nilivyolelewa. Na mzee kuzungumza kwa niaba ya kijana haikuwa uongo machoni petu; ilikuwa kumstiri. Mwenyekiti aliposema, "Weye njo ulisomaka. Zisafishe tu, uziandike vile kijana mwenye adabu angesema," sikusikia kwamba ninaombwa kudanganya. Nilisikia kwamba ninaombwa kuandika.

Kati ya zile karatasi nilikutana na ya binti yangu. Haikuwa na jina, lakini nilimfundisha mwenyewe kuandika, tukiwa kambini, kwa kijiti juu ya udongo. Kwa swali la mtu unayezungumza naye mambo ya umma, alikuwa ameandika: "Baba yangu. Ndiye mzee pekee anayesikiliza mpaka mwisho." Nilikaa nayo muda mrefu. Kisha, kwa kuwa mstari uliofuata ulisema wakuu wengine wa nyumba wanapiga kura kwa kumtazama mwenyekiti kwanza, nikaiweka pamoja na zile za kusafishwa.

Karatasi za mwanzo zote niliziingiza kwenye ile mashine ya ghalani inayobana maboksi makuukuu. Hubana kwa nguvu nyingi na haiulizi kitu.

Kisha nikaanza kazi. Asikudanganye mtu: kuwaandika vijana arobaini na mmoja ni jasho. Nilinunua kalamu za rangi tatu. Wengine niliwaandika kwa mkono wa kushoto. Mmoja nilimmwagia kahawa, aonekane ana shughuli. Niliandika wakati wa mapumziko kazini, niliandika kwenye basi la kwenda Columbus, ambako nilikuwa na kikao cha harusi, na kwa jinsi lile basi lilivyotikisika, vijana wa njiani walitoka na mwandiko wa kweli kabisa wa vijana.

Nilifikia kwa mdogo wangu, Reynoldsburg, pembeni ya Columbus. Alitoka dukani alikokuwa akipanga bidhaa, akanikuta mezani nimezungukwa na kalamu.

"Yaya," akaniita, kama tunavyomwita kaka mkubwa, "unafanya mitihani?"

"Naandika vijana."

Akachukua karatasi moja, akasoma, akaniangalia. "Bon. Niandikie na mimi mmoja, mwenye anaamkaka mapema. Hawa wa kwangu wamenishinda."

Tatizo langu lilikuwa kwamba sikujua vijana wanafikiri nini. Yale waliyofikiri nilikuwa nimeyatia kwenye mashine. Basi niliandika niliyonayo. Unapata wapi habari za siasa? Redio, saa kumi na mbili asubuhi. Maendeleo ni nini kwako? Uzio. Ungependa kupiga kura katika chama? Hapana, wazee wanatosha. Jibu hilo nililipenda sana, nikalirudia kwa maneno tofauti mara nyingi. Ilipofika karatasi ya thelathini na kitu, swali lililosema "Ni jambo gani linalokusumbua zaidi maishani?", nilikuwa nimechoka, nimekaa vibaya, na kijana wangu wa miaka kumi na tisa akajibu kwa unyofu: "Magoti. Hasa asubuhi, na wakati wa theluji."

Nilizifunga zote kwenye bahasha mpya, nikamtumia yule mwanafunzi. Wiki mbili baadaye alinipigia simu. Sauti yake ilikuwa na wasiwasi wa adabu.

"Pak, samahani. Vijana wenu wanasikiliza redio sana?"

"Sana."

"Wa kwetu hata hawajui redio inawashiwa wapi."

"Kila nchi na malezi yake," nilimwambia, nikakata simu nikijiona mwanadiplomasia.

Kiangazi kikafika, tukaenda Buffalo. Tulilala kwa shemeji yangu aliyekuwa akifanya kazi kiwandani Tonawanda, watu kumi na mmoja na choo kimoja. Mkutano ulikuwa kwenye ukumbi wa chini wa kanisa. Vijana walipanga viti, kisha wakasimama ukutani nyuma, kwa kuwa viti vilitosha wakuu wa nyumba tu. Mwenyekiti alikuwa amemwalika yule mwanafunzi aje atoe matokeo kabla ya kura. Alifikiri ni jambo zuri chuo kikuu kizungumze kwanza.

Mgeni alizungumza kwa Kiingereza, na aliyemtafsiria ni binti yangu, ambaye wote tulijua hakuna aliyemfikia kwa kutafsiri. Kazi hiyo ningeomba nifanye mimi, lakini nilijua Kiingereza changu kingeishia kwenye maboksi.

"Anasema," binti yangu akaanza, kwa sauti yake ya wazi, "kwao Indonesia vijana wanatania viongozi kwenye simu. Wanachora vibonzo. Wanabishana kuhusu barabara na maji na kuhusu nani analala kwenye kiti cha ofisi ya kijiji. Wakija mkutanoni wananyamaza, lakini kwenye utafiti walisema yote."

Wazee wakatikisa vichwa kuwasikitikia Waindonesia.

"Anasema vijana wetu ni tofauti."  Akamwomba mgeni arudie. "Anasema vijana wetu wanapata habari kwenye redio."

Ukutani kukazuka kicheko.

"Anasema wengi wao wanataka uzio."

Kicheko kikafa.

"Anasema hawataki kupiga kura. Wanasema wazee wanatosha."

"Mimi sikuandika hiyo!" kijana mmoja akapaza sauti kutoka nyuma.

"Nani huyo? Tulia," mwenyekiti akasema kwa upole. "Mgeni hajamaliza."

Na mgeni, maskini, aliyetaka kupoza mambo, akachagua kitu chepesi. Binti yangu akamsikiliza, akageuka kwa watu. "Anasema aliguswa sana na kijana mmoja wa miaka kumi na tisa. Jambo linalomsumbua zaidi maishani ni magoti. Hasa asubuhi, na wakati wa theluji."

Ukumbi mzima ukaangua kicheko, wazee kwa vijana. Shemeji yangu alifuta machozi. Mwenyekiti alicheka mpaka tumbo lake likagonga meza. Waliokuwa hawacheki ni watatu: mgeni, ambaye hakuelewa, mimi, na binti yangu. Alikuwa ananitazama. Mkono wangu ulikuwa juu ya goti la kulia, ninapouweka siku zote. Aliutazama mkono, akatazama uso, kisha akamgeukia mgeni, akatafsiri yaliyobaki mpaka mwisho, bila kupunguza wala kuongeza neno.

"Tulijaza vitu vingine!" yule kijana wa ukutani akarudia. "Papa katibu, si ulitupatia karatasi weye mwenyewe? Tulijaza vingine!"

"Karatasi hazina majina," mwenyekiti akamjibu. "Utajuaje ile yako? Ndugu zangu, ni chuo kikuu kimesema, haiko mimi." Halafu akamwuliza binti yangu, "Mwanangu, weye ndiye ulileta ombi la kura. Uko na neno?"

Angeweza kulisema. Sentensi moja tu ingetosha, na watu walikuwa bado wana kicheko midomoni, wangeelewa upesi. Lakini kwetu mtoto hamvui baba yake nguo mbele ya watu.

"Mimi ninatafsiri tu," akasema.

Basi mwenyekiti akanigeukia mimi. "Katibu, uthibitishe. Karatasi ni za vijana?"

Nilisimama. Magoti yalilia, na mtu wa mstari wa mbele akaanza kucheka tena. Bado nilikuwa na nafasi. Nilimwona yule kijana wa ukutani, nilimwona binti yangu, niliwaona wakuu wa nyumba wakimtazama mwenyekiti.

"Ni za vijana," nikasema.

Mikono ikainuka. Uzio ukapita. Ombi la vijana halikupigiwa hata kura, kwa kuwa waombaji wenyewe, kwa mujibu wa utafiti, hawakulitaka.

Kesho yake tulirudi Louisville kwa gari, binti yangu akiendesha, mimi pembeni yake, mama yake amelala nyuma. Kila saa moja aliniuliza kama nasikia baridi, kama nataka kusimama ninyoshe miguu. Tulipoikaribia Columbus sikuvumilia.

"Binti yangu, sema unachofikiri. Nitasikiliza."

Akajibu kwa Kiingereza kwamba mambo yote yako sawa. Ndugu zake wote walikuwa wakinijibu kwa Kiingereza tangu zamani. Yeye alikuwa hajawahi.

Wiki iliyofuata nilimpigia yule mwanafunzi, nikamwambia kweli yote, mpaka ile kahawa.  Kisha akasema itabidi azitoe karatasi zetu zote na kumweleza mwalimu wake, na kwamba kazi yake itachelewa. Hakunitukana. Alisema tu, "Hata kwetu, Pak, wako watu kama wewe. Mikutano yao huenda vizuri sana." Bado aliniita Pak, na neno hilo lilinichoma.

Nilimwambia mwenyekiti kwamba nitakiri mkutano ujao, na nilikiri. Nilisimama Columbus mbele ya chama nikasema nilichofanya. Wazee wakasema yamepita, nikae. Waliostahili kusikia hawakuwamo. Vijana walikuwa wameacha kuja, wameanzisha kikundi chao kwenye simu, na siku hiyo tulibeba viti wenyewe. Mwenyekiti alishtua mgongo, mhasibu akabana kidole, na mpaka tunamaliza kupanga, muda wa ukumbi ulikuwa umekwisha nusu. Nilijiuzulu ukatibu, wakanichagua tena, nikajiuzulu tena.

Uzio ulijengwa. Tulitumiwa picha. Ni uzio mzuri, na ng'ombe huingia kupitia lango, kwa kuwa hakuna anayekumbuka kulifunga. Zahanati haijajengwa.

Binti yangu nilimwomba msamaha jikoni, mchana, mama yake akiwepo. Akanishika mikono miwili, akasema amenisamehe, na sina sababu ya kumshuku. Baadaye alimaliza uuguzi akahamia Reynoldsburg, na nilijua siku ile tu aliyokuja kuchukua kitanda. Alibadili kanisa, nikaambiwa na mdogo wangu. Alipoposwa, kila kitu kilikuwa kimekwisha kupangwa, na nilichoulizwa mimi ni kipimo cha suti.

Ananipigia simu kila wiki. Ananiuliza dawa zangu, usingizi wangu, hali ya hewa ya Louisville. Nikimuuliza anaonaje jambo fulani, la chama, la nchi, la watoto wake, hunijibu, "Vile utaona wewe, papa," kwa heshima kamili, nasi tunaagana. Nyumbani mwangu alikuwepo mtu mmoja aliyekuwa akiniambia anachofikiri. Niliandika juu ya maneno yake maneno yangu, na tangu hapo hajaniambia tena.